Ushirika Usio na Rejista

Anayeandika historia ya shule huanzia kwenye rejista ya wanafunzi, na anayeandika ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huanzia kwenye vitabu vya mizani na malipo. Uamsho wa Afrika Mashariki hauna cha kumpa mwandishi wa namna hiyo. Haukuwahi kuwa na kadi ya uanachama, wala muhuri, wala katiba. Aliyetaka kuingia hakujaza fomu. Alisimama mbele ya wenzake siku ya ushirika, akaeleza Yesu amemtoa wapi, wakaimba naye, akaketi akiwa ndugu. Kwa utaratibu huo mwepesi umekaa karibu miaka mia moja, kwa maana Septemba 2029 itatimia karne tangu watu wawili waketi pamoja Kampala kusoma Biblia na kuomba.

Mmoja wao alikuwa Joe Church, daktari kijana Mwingereza aliyesomea Cambridge. Misheni ya Ruanda, iliyokuwa chini ya CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, ilimpeleka Gahini, kituo kilicho juu ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, nchi iliyotawaliwa wakati huo na Wabelgiji. Alifika akakutana na njaa. Wanyarwanda waliiita Rwakayihura, na mwaka 1928 na 1929 ilimaliza watu wengi. Wenye nguvu za kutembea walivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta chakula, wasio nazo walikokotwa hadi mlangoni pa hospitali changa ya Gahini. Ilipopungua makali, Church alikwenda Kampala kupumzika. Mwili ulikuwa umechoka, na kwa maelezo yake mwenyewe roho ilikuwa kavu kuliko mwili.

Wa pili alikuwa Simeoni Nsibambi, Muganda wa umri wa miaka thelathini na kitu, ofisa wa afya katika serikali ya Buganda, mtu mwenye ardhi na pikipiki, mambo ambayo mwaka 1929 si kila mtu alikuwa nayo. Asubuhi ya Jumapili walikutana nje ya kanisa kuu la Namirembe, Nsibambi akiwa amesimama kando ya hiyo pikipiki. Walikuwa wamewahi kuonana miezi michache kabla yake. Nsibambi alikuwa na shauku moja: kujua habari za kujazwa Roho Mtakatifu, na kwa nini Ukristo wa Buganda, wenye makanisa makubwa na machifu waliobatizwa, ulionekana kama nguo ya Jumapili. Daktari alikuwa na Biblia ya Scofield, yenye maelekezo pembeni yanayomwongoza msomaji kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Wakakaa siku mbili hivi wakiufuata uzi huo, wakisoma na kuomba.

Maandishi mengi ya Ulaya yamempa Church nafasi ya mwanzilishi, na ni rahisi kuona sababu: yeye ndiye aliyeandika. Lakini Nsibambi hakuongoka siku ile. Alikuwa na imani hai tangu mwaka 1922, na alikuwa akihubiri kwa nafasi yake kabla ya kumjua daktari yeyote wa Gahini. Kilichobadilika baada ya Septemba 1929 ni kwamba aliacha kazi ya serikali, akaacha na viatu, akawa anasimama nje ya Namirembe baada ya ibada akiwauliza waliotoka, wakubwa kwa wadogo, kama wameokoka. Wamisionari kadhaa wa Kampala walidhani amerukwa na akili, na wapo waliomlaumu Church kwa hilo. Daktari akarudi Gahini na deni la kueleza.

Moto uliwaka Gahini kwa sababu Nsibambi alipeleka watu huko. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha katika shule ya misheni. Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkuu wa wahudumu wa hospitali, alikuwa amekata tamaa na kazi na alikuwa na manung'uniko mengi juu ya wazungu na juu ya Gahini yenyewe. Alipokwenda Kampala kumwona Nsibambi alimwaga yote hayo. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba shida ya hospitali ilianzia moyoni mwake yeye Kinuka. Si jibu ambalo mtu aliyesafiri mbali angependa kulisikia. Njiani akirudi Gahini, Kinuka akakubali kwamba ni kweli, na aliporudi kazini wenzake waliona mtu mwingine.

Kwa miaka kama minne hapakuwa na zaidi ya kikundi kidogo: daktari, mwalimu, mhudumu wa hospitali na wenzao wachache, wakikutana kusoma na kuomba. Napenda kuutaja muda huo kwa sababu wasimulizi huuruka. Mwishoni mwa Desemba 1933 waliitisha semina ya walimu na wainjilisti hapo Gahini. Siku zikapita kwa mafundisho ya kawaida. Siku ya mwisho, katika maombi ambayo wote walikiri baadaye kuwa yalianza baridi, mtu mmoja alisimama akaanza kuungama dhambi zake kwa kuzitaja. Akafuata mwingine. Kikao kikaenda zaidi ya saa mbili, watu wakipokezana. Wengine walikuwa na vitu vya hospitali nyumbani kwao, na vitu hivyo vikarudishwa.

Kuungama huko ndiko kulikoupa ushirika sura yake, na ndiko kulikoupa maadui. Utaratibu wa mkutano wa wiki, uliokuja kuigwa kutoka Gahini hadi Murang'a na Bukoba, haukuwa mgumu. Ndugu walikusanyika siku maalumu, mara nyingi nyumbani kwa mmoja wao au chini ya mti karibu na kanisa. Waliimba, Neno likasomwa, kisha nafasi ikawa wazi. Aliyesimama hakuhubiri. Alieleza wiki yake: hasira aliyompa mke, fedha aliyoificha, wivu kwa jirani aliyenunua ng'ombe. Akimaliza, wenzake walimwitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao sasa huimbwa na watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda. Kama kosa lilimhusu mtu aliyekuwepo, walitafutana hapo hapo. Kama lilihusu mali, ilirudishwa. Jambo hili waliliita kuenenda nuruni, kwa kufuata Waraka wa Kwanza wa Yohana, na ndugu aliyeonekana kujificha aliulizwa bila kuzungushwa.

Mambo makubwa ya maisha nayo yaliletwa nuruni. Kijana hakuchumbia kimyakimya. Ushirika ulitaka kujua. Madeni yalitajwa. Pombe ilikatwa moja kwa moja. Kulikuwa na ndugu waliougeuza uwazi huu kuwa upelelezi, na wapo waliotoka ushirika wakiwa wameumizwa kuliko walivyoingia. Hilo haliwezi kufichwa katika historia ya watu waliojidai kutoficha. Ila ni haki kusema pia walichovunja. Katika Buganda mwanamke hakula kuku wala mayai, na wanawake waliookoka wakala. Mke alisimama mbele ya wanaume akatoa ushuhuda, na mume akakaa akisikiliza. Mhima na Mwiru wa Ankole, Mtutsi na Mhutu wa Rwanda, walikula pamoja. Wamisionari waliokuwa na desturi ya kuwapokea Waafrika barazani wakajikuta wakiungama kiburi cha rangi mbele ya watumishi wao wa zamani, na wengine waliona aibu hiyo kubwa mno wasiirudie.

Kigozi hakuuona upana wa kazi aliyoianzisha. Aliwekwa ushemasi mwaka 1934, na mwanzoni mwa 1936 alikuwa ameandaa mambo matatu ya kuyapeleka mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda: ubaridi wa kanisa na sababu zake, watu wanaoishi katika dhambi ya wazi na bado wanakuja kwenye meza ya Bwana, na kitu gani kifanyike ili uamsho uje. Homa ya papasi ikamuua Januari hiyo, siku chache kabla ya sinodi. Askofu Cyril Stuart aliyachukua mambo yale matatu akayasoma mwenyewe. Neno la Kigozi, Zukuka, yaani amka, likawa mada ya misheni ya mahubiri nchi nzima, Kanisa lilipokuwa likijiandaa kuadhimisha miaka sitini tangu wamisionari wa kwanza wafike Buganda mwaka 1877.

Kuanzia hapo ushirika ulitembea kwa njia iliyokuja kuitwa timu. Timu haikuwa kamati. Walikuwa watu wachache, Waafrika na wazungu pamoja, waliosafiri na kushuhudia kwa zamu, kila mmoja akianza na dhambi zake badala ya dhambi za wasikilizaji. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, karibu na Nairobi. Mwaka 1939 ilifika Katoke, magharibi mwa Ziwa Victoria, na kutoka upande huo uamsho uliingia kwa Walutheri wa Buhaya, ambako miongoni mwa vijana walioguswa alikuwemo Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na, mwaka 1977, rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Dodoma walikuwa na Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi aliyefundisha huko miaka mingi akihubiri kwa Kiswahili. Katika mikutano ya Kenya na Tanganyika, Mluo aliposhuhudia mbele ya Wakikuyu, au Mgogo mbele ya Wahaya, Kiswahili ndicho kilichobeba mzigo, na salamu ya Bwana asifiwe, inayoitikiwa Amina, ikatoka kwenye mikutano hiyo ikaenea hadi kwa watu wasiojua ilikotoka.

Kipimo kikubwa cha kwanza kilikuja Mukono, mwaka 1941, katika Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker. Kundi la wanafunzi walioguswa na uamsho, William Nagenda akiwa mmoja wao, walikuwa wakiamka gizani kabla ya kengele kusali na kuimba pamoja, na mchana waliwahubiria wenzao na walimu juu ya wizi na uzinzi uliokuwemo chuoni. Pia walilalamikia mafundisho ya Biblia waliyoyaona yanapunguza msalaba. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano ya alfajiri. Wao wakaona hawawezi kuomba ruhusa ya kuomba. Mwezi Oktoba wanafunzi 26 wakafukuzwa.

Kwa upande wa uongozi wa chuo, kulikuwa na hoja: taasisi haiwezi kuendeshwa na wanafunzi wanaowaamsha wenzao usiku kuwaambia wanakwenda jehanamu. Kwa upande wa wanafunzi, mtu aliyezuiwa kusali chuoni atasalia wapi? Nadhani pande zote mbili zilikuwa na kiburi chao, na wapo ndugu waliokiri hivyo baadaye. Matokeo yake hayakukusudiwa na yeyote. Watu 26 ambao wangekuwa makasisi wa vijijini walirudi makwao bila upadrisho. Nagenda alikwenda Namutamba, kwenye shamba la chai la familia ya wazungu waliokuwa wa ushirika, na pale pakawa kituo cha uamsho. Tangu siku hiyo uongozi wa ushirika ukakaa zaidi mikononi mwa walei: mwalimu wa shule, mkulima, fundi cherehani, mama wa nyumbani mwenye ulimi mkali na maombi marefu.

Wengi walitarajia wajitenge. Sababu zilikuwepo, na Afrika Mashariki ilikuwa tayari na makanisa ya kujitegemea yaliyozaliwa kwa ugomvi mdogo kuliko ule. Nsibambi na Nagenda walikataa. Waliendelea kubatiza watoto wao, kupokea ushirika mtakatifu na kutoa sadaka katika kanisa lile lile lililowafukuza, na Jumapili mchana, ibada ikiisha, walibaki nje kwa mkutano wao. Askofu Stuart naye hakuwasukuma hadi mwisho. Mwaka 1945 mkutano mkubwa ulifanyika Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kukiwa na maelfu ya watu kutoka nchi zote jirani, vita kuu ikiwa imemalizika wiki chache tu kabla. Kabale ikawa desturi ya kila miaka kumi. Kwa watu wasio na rejista, mikutano hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda. Mzee wa uamsho hakukwambia aliokoka mwaka gani, alikwambia kama ilikuwa kabla au baada ya Kabale fulani.

Nyanza, magharibi mwa Kenya, mambo yalikwenda kinyume. Huko waliojitenga walikuwa wale waliochoshwa na ukali wa ndugu: mwaka 1957 Mathew Ajuoga na wafuasi wake, waliojulikana kama Johera, walitoka wakaunda Church of Christ in Africa.

Kisha kukaja damu. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, ndugu wa Ukikuyuni walijikuta kati ya mawe mawili ya kusagia. Walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa vilevile bunduki za serikali na nafasi katika kikosi cha ulinzi wa vijiji. Wapiganaji wa msituni waliwaona wasaliti, maofisa wakawaona wajinga au wanafiki. Waliouawa walikuwa wengi, na karibu wote ni watu wa vijijini ambao majina yao hayamo katika vitabu vya shule. Obadiah Kariuki, mmoja wa ndugu wa mwanzo wa Kabete, alizunguka kati yao katika miaka hiyo, na Mei 1955 aliwekwa uaskofu huko Namirembe pamoja na Festo Olang', Yohana Omari wa Tanganyika na Daniel Deng Atong wa Sudan. Kilima kile kile cha pikipiki ya Nsibambi.

Rwanda mambo yalianza kuharibika mwaka 1959. Ndugu wengi wa Kitutsi walikimbilia Uganda, Burundi na Tanganyika, wakaanzisha ushirika kambini. Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Nyamata, alibaki akiwahudumia waliohamishwa kwa nguvu. Januari 1964 askari walimchukua. Aliomba nafasi ya kusali kwanza, akasali, wakampiga risasi. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho mwanzoni mwa 1948, aliuawa Februari 1977 baada ya kumkabili Idi Amin kwa barua. Kivengere, wakati huo askofu wa Kigezi, alikimbia usiku na mkewe kwa miguu kuvuka milima kuingia Rwanda, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake liliwakera Waganda wengi uhamishoni: I Love Idi Amin.

Orodha ya mashahidi ni ya kweli, na historia nyingi za sherehe hukomea hapo. Lakini Rwanda, nchi ambayo moto wa Gahini uliwaka, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya 1994. Wakristo waliua Wakristo, wakati mwingine ndani ya makanisa, na baadhi ya maaskofu wa Kianglikana, kanisa lililolelewa na uamsho, walisimama na serikali ya wauaji. Wapo ndugu Wahutu waliokufa wakiwaficha Watutsi, na hao wasisahaulike. Hata hivyo swali linabaki kwa ushirika wenyewe. Kwa miaka sitini mtu alisimama mbele ya wenzake akaungama sigara, hasira na senti zilizoibwa dukani. Nani alisimama akauliza kwa nini vitambulisho viliandikwa kabila, nani alipata nafasi shuleni na nani hakupata, ardhi ya waliokimbia ilikwenda kwa nani? Walokole, yaani waliookoka, kama ndugu walivyokuja kuitwa, wengi wao waliyaita hayo siasa, na siasa waliiona uchafu wa dunia. Kwa maoni yangu hapo ndipo nuru yao ilipokuwa na ukuta. Iliingia kila chumba cha nyumba isipokuwa barazani, mahali ambapo mambo ya watu wengi huamuliwa.

Mtu anaweza kusema Kivengere na Luwum wanakanusha hilo, na kwa sehemu ni kweli. Ila wote wawili walikuwa maaskofu walipomkabili Amin. Walisema kwa kiti walichokalia. Mkutano wa wiki chini ya mti haukuwa na desturi ya kusema hivyo.

Kulikuwa na migawanyiko mingine midogo zaidi. Uganda, kuanzia miaka ya 1960, kundi la Wazukufu chini ya Yona Mondo liliona ndugu wamelala tena, likakataza mikopo na mavazi ya fahari, na familia zilizokuwa zikila pamoja zikaacha kusalimiana. Nsibambi, ambaye kwa miaka mingi ugonjwa ulimfungia nyumbani kwake karibu na Namirembe, alipokea wageni wa pande zote. Alifariki mwaka 1978. Mwanawe Apolo alikuja kuwa waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011, njia ambayo baba aliyeacha kazi ya serikali huenda asingeitabiri.

Leo neno walokole halimhusu mtu wa ushirika wa zamani peke yake. Tanzania limekuwa jina la kila anayedai kuokoka, wakiwemo Wapentekoste wenye vipaza sauti na mikesha, ambao wazee wa uamsho wanawatazama kwa jicho la pembeni: kelele nyingi, toba kidogo. Lakini vikundi vya maombi vya wanafunzi shuleni na vyuoni, pamoja na UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo wa Tanzania, vina deni kwa Gahini hata pale visipojua. Watu wachache kukubaliana siku, kukutana bila kasisi, kila mmoja kusema na kuombewa: jambo hilo linaonekana la kawaida kwa sababu kuna watu waliolifanya hadi likawa kawaida.

Karatasi za Joe Church, barua, ripoti na shajara zake, zimehifadhiwa Cambridge, na mwaka 1981, miaka minane kabla ya kifo chake, alichapisha kumbukumbu zake, Quest for the Highest. Mtafiti anayetaka kujua nini kilitokea Gahini wiki fulani ya 1936 hugeukia karatasi hizo za Uingereza. Nsibambi hakuandika kitabu. Kinuka hakuandika. Ushuhuda wao ulikuwa wa mdomo, na vikao ambavyo uamsho uliishi ndani yake havikuwekewa kumbukumbu, kwa makusudi kabisa: dhambi ikishaungamwa na kuoshwa, nani angetaka kuiandika? Kilichobaki kiko kwa wajukuu, kwenye Biblia zilizochakaa zenye tarehe pembeni, kwa mabibi wa Kabale, Murang'a na Bukoba waliosimama mikutanoni wakiwa wasichana, na wa mikutano ya 1945 wamebaki wachache sana.